Gumba, ufito na msemo wa Kiingereza

Waingereza husema "rule of thumb", yaani kanuni ya kidole gumba, wakimaanisha makadirio ya fundi mzoefu asiyehangaika na futi kamba. Tangu miaka ya 1970 msemo huo una ugomvi wake. Wapo wanaoshikilia kwamba chimbuko lake ni sheria ya kale iliyomruhusu mume kumchapa mkewe, mradi fimbo isizidi unene wa gumba lake. Wanaowapinga hujibu kwamba hakuna sheria iliyopata kutungwa hivyo, na kwamba hadithi nzima wameizusha wanaharakati.

Kuhusu msemo wenyewe, wapinzani wameshinda. Gumba lilikuwa kipimo cha kazi Ulaya tangu zamani: kwa Kifaransa "pouce" ni gumba na ni inchi pia, na "duim" ya Kiholanzi ni vivyo hivyo. Mwaka 1692 Sir William Hope, katika kitabu chake cha kufundisha upanga, alikwisha utumia msemo huo kwa mtu atendaye kwa mazoea tu, bila kuijua sanaa. Hapo hamna mke wala fimbo. Jaji Francis Buller wa Uingereza, anayebebeshwa kauli kwamba mume aweza kumchapa mkewe kwa fimbo isiyozidi gumba, alichorwa na mchora katuni James Gillray kama "Jaji Gumba" mwaka 1782, miaka 90 baada ya kitabu cha Hope. Tena haijapatikana hukumu yake yenye maneno hayo.

Ila waliokanusha asili ya msemo hawakuishia hapo. Wengi wao wameikanusha na fimbo yenyewe, kana kwamba kipimo cha gumba hakijawahi kutamkwa na hakimu yeyote. Kimetamkwa. Kimo katika kumbukumbu za Mahakama Kuu ya jimbo la North Carolina, Marekani, mara mbili ndani ya miaka sita.

Kesi ya kwanza ni ya mwaka 1868. Bwana Rhodes alimchapa mkewe Elizabeth mara tatu kwa ufito wenye unene wa kidole, mwembamba kuliko gumba. Jopo la wananchi waliosikiliza kesi lilithibitisha kwamba mke hakuwa amemchokoza, isipokuwa kwa maneno fulani ambayo shahidi hakuyakumbuka. Jaji akamwachia mume, akisema alikuwa na haki ya kuchapa kwa kuwa ufito haukufikia gumba. Kesi ikapanda juu. Jaji Reade wa Mahakama Kuu akaandika kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, akakidhihaki na kipimo chenyewe: ufito wa nusu ya gumba unaweza kuua, na fimbo nene kuliko gumba ikapiga isidhuru. Kinachopimwa, alisema, ni madhara.

Kisha akamwachia Rhodes vilevile. Sababu yake ndiyo inayonifanya nirudi kwenye hukumu hii kila ugomvi huu unapozuka: kufunua pazia la nyumba ya watu ili kuadhibu kipigo kidogo, alisema, kungeiletea jamii ubaya mkubwa kuliko kipigo chenyewe. Elizabeth aliambiwa kwamba mumewe hakuwa na haki, na mumewe akaenda zake.

Mwaka 1874 ikaja kesi ya Oliver, aliyerudi nyumbani amelewa, akalalamika kwamba nyama ina funza, akamchapa mkewe kwa fito mbili. Huyu alitozwa faini ya dola 10, na adhabu ikathibitishwa. Mahakama ikatangaza kwamba ile kanuni ya zamani ya ufito usiozidi gumba si sheria North Carolina. Lakini hukumu hiyohiyo ikaongeza kwamba pasipo majeraha ya kudumu wala ukatili, ni afadhali pazia lishushwe, wawili hao wasameheane.

Mpinzani atasema Mahakama Kuu hiyo iliikataa kanuni hiyo mara zote mbili, na ni kweli. Atasema pia kwamba Blackstone, mwanasheria mkubwa wa karne ya 18, aliandika kuwa haki ya mume kumwadhibu mkewe ilikwisha anza kutiliwa shaka tangu enzi za Charles II, mfalme wa Uingereza wa karne ya 17. Nayo ni kweli, ila Blackstone huyohuyo aliongeza kuwa watu wa tabaka la chini bado waliidai. Na jaji hajisumbui kufuta kanuni ambayo haimo vichwani mwa watu. Huyo wa 1868 aliyemwachia Rhodes mara ya kwanza aliitumia waziwazi.

Mchanganyiko wenyewe ulianzia kwenye utani wa maneno. Mwaka 1976 Del Martin, akiandika juu ya wanawake wanaopigwa, aliitaja kanuni ya ufito, kisha akaiita "kanuni ya gumba" kama kwa mzaha. Mwaka 1982 Tume ya Haki za Raia ya Marekani ikautia msemo huo kwenye jina la ripoti yake, na wasomaji wakadhani ndiko ulikotoka. Kosa hilo la asili ya msemo lisahihishwe, na anayelisahihisha awataje Rhodes na Oliver katika aya hiyohiyo.