Ami, Weka Mbili!

Ukinunua gari ya otomatiki Pemba, ushauri unaletewa mpaka mlangoni. Pikapu yangu niliinunua kuukuu, rangi yake huijui kama ni buluu au kijivu, na kila aliyepita Mtambile akasimama kunambia, "Hiyo ya mjini hiyo, huku kwetu milima." Nikawa nawajibu kwamba Wajapani nao wana milima.

Ikanifia Mkoani, pale unapotoka bandarini unapanda juu. Nyuma nina magunia ya unga na abiria sita wa kudowea. Injini inanguruma, gari haiendi. Nikikanyaga mafuta inanguruma zaidi, na harufu ya kuungua ikaingia ndani kama mtu kasahau dagaa jikoni. Wale abiria wakashuka kimya kimya. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanipita kwa miguu, akageuka, akanambia, "Tutakusalimia nyumbani."

Fundi aliifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, pale chini ya mwembe. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa nzima kwa kawaida ni nyekundu, inapendeza kama sharubati. Yangu ilitoka nyeusi, na chini ya sampo mmetulia tope linalometameta. Fundi akachovya kidole, akanisogezea machoni.

"Unaona hizi chengachenga zinazong'aa?"

"Naziona."

"Hii ndiyo giaboksi yako."

"Na ile iliyobaki huko juu?"

"Lile kasha tu."

Akaniuliza mara ya mwisho nilibadilisha oili lini. Nikatazama mwembe.

Watu wote wakashauri nitie gia za mkono. Fundi akanihesabia: pedali ya klachi, flaiwili, propela shafti nyengine, na kazi ya kuchomelea juu yake. Nikaona bora otomatiki ya mtumba. Ikaja na meli kutoka Unguja, laki nane, imefungwa magunia kama mgonjwa. Mahamali wawili waliishusha huku wakiniapiza.

Hapa lazima nimpe fundi haki yake, maana kazi ngumu aliifanya kwa adabu. Kuna duara la chuma mbele ya giaboksi, mfano wa boga, wenyewe wanaita konveta. Hilo unalitia huku unalizungusha mpaka liingie lote, na linaingia kwa kudondoka, tak, kisha tak nyengine. Lisipoingia sawasawa, ukikaza bolti unapasua pampu iliyo ndani, na laki nane zako zimekwenda. Basi fundi alilizungusha na sikio kaligandisha pale, katukataza hata kukohoa. Tak. Tak. Akasubiri. Tak. "Alhamdulillahi," akasema, na sisi ndipo tukapumua.

Kumbe balaa haliko kwenye boga. Liko kwenye kifimbo cha chuma kisichozidi unene wa kidole, kinachounganisha mkono wa gia na giaboksi.

Siku ya kujaribu mtaa mzima umekuja. Nikawasha, nikatia D, ya kwendea mbele, nikakanyaga. Injini ikanguruma, gari kimya. Ile ile sauti ya Mkoani! Miguu iliniisha nguvu, na ule mkono wa gia nikauegemea tu, ukateleza mpaka kwenye 2. Gari ikaruka mbele, kuku wakatawanyika, watoto wakashangilia.

Tukakaa kuichunguza kama ramani ya hazina. Kwa kawaida P ni ya kuegeshea, R ya kurudi nyuma, N ya kutoa gia, D na 2 za kwendea mbele. Yangu sivyo. Mkono kwenye 2, gari inakwenda mbele. Kwenye D, iko huru, haina gia. Kwenye N, inarudi nyuma. Kwenye R imejifunga, na hapo ndipo pa kuegeshea. P yenyewe haifiki. Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, akatoa hukumu: "Ya mtumba hii, yakhe. Imezoea mkono wa mwenyewe wa kwanza."

Na mimi nikakubali! Mwezi mzima naendesha hivyo, tena nilianza kujisikia. Nani mwizi atakayeiweza gari hii?

Msimu wa karafuu ukaingia. Ami yangu, dereva wa malori wa zamani, akataka kuendesha kuwapeleka wachumaji shamba. Nikamwambia, "Ami, mbele ni mbili, na N usiiguse." Akanitazama. "Nimeendesha Bedford wewe hujazaliwa."

Akaendesha vizuri, simnyimi sifa. Tukafika penye kimlima, akamwona rafiki yake yuko barazani. Ami ana tabia yake ya tangu zama za Bedford: gari ikisimama tu anatoa gia, mafuta hayaokotwi. Akatia N, mguu akauondoa kwenye breki, kichwa akakitoa dirishani.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo. Watoto hawajambo?"

Gari ikaanza kurudi nyuma, taratibu kabisa, na taa nyeupe za nyuma zimewaka. Yule mzee, kwa adabu za Kipemba, hawezi kuikata salamu katikati. Akainuka, akatufuata.

"Hawajambo. Na bibi yao mguu vipi?"

"Mguu alhamdulillahi, umepungua."

"Ami," nikasema, "tunarudi."

"Mteremko huo," akasema, akavuta hendibreki ambayo haijafanya kazi tangu niinunue. Akaona sasa atutoe kwa ufundi. Akatia D, akakandamiza mafuta. Injini ikalia kwa uchungu, na sisi huru kabisa sasa, mteremko ukatuchukua.

"Mbili! Ami, weka mbili!"

"Mbili nini?"

Nyuma wachumaji wanaruka mmoja mmoja. Alipoikumbuka breki, magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa yamepanda kwenye jamvi la karafuu lililoanikwa kando ya barabara, zimekauka vizuri, zimebaki kuzolewa tu.

Mwenye jamvi akatoka, bibi mfupi, pishi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pishi nne hizo."

Ami akashuka, akainama, akazitazama zilizosagika. "Mbili," akasema.

"Sasa ndiyo umeijua mbili!" nikamwambia. Hakunijibu. Tukalipa tatu.

Fundi alipoambiwa akaingia chini na spana namba 12. Akalegeza nati moja, akakisogeza kile kifimbo kidogo, akakaza. Chai yangu haijapoa. "Sasa D ni D," akasema, "ila mngenambia mapema." Mwezi mzima tumezungumza habari hiyo hiyo, chini ya mwembe huo huo.

Jioni watoto wakakaa nyuma ya gari na misumari, wakizichokoa karafuu kwenye mitaro ya tairi. Zikajaa kiganja. Nikazitia kwenye karatasi, nikampelekea bibi. Akazinusa kwa muda mrefu.

"Hizi zina mpira," akasema, akazipokea.