Si Wangu, Ni wa Jirani

Mji wa Lamu una msikiti kila baada ya hatua chache, una punda wengi kuliko magari, na una kunguni. Hilo la tatu hutalisikia kwa mtu. Uliza mtaa wa Mkomani, utaambiwa kunguni wako mtaa wa Langoni. Teremka Langoni, watakuapia kwamba hao ni wa Mkomani na huku hawajavuka. Nimekaa barazani nikaisikiliza hesabu hii mpaka nimeielewa: kunguni wa Lamu hawana kwao, wanaelea hewani mchana kutwa, halafu usiku ukiingia wote wanatua kwangu.

Tena afadhali wangekuwa wanatua. Kunguni hana bawa, wala haruki kama kiroboto. Anatembea kwa miguu. Kadudu ka nusu sentimita kanatoka kwenye kiungo cha kitanda, kanapita kwenye kamba, kanapanda shuka, kanafika shingoni, kananyonya dakika tano au kumi, kisha kanarudi zake kulala kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Hana haraka, hana hofu. Mimi mwenye nyumba ndiye ninayeamka saa tisa za usiku na tochi mdomoni, nikipekua mto.

Wanajuaje nilipo? Nimeambiwa wanafuata joto la mwili na pumzi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza niliopewa, kwamba nilale kimya nisijigeuzegeuze, niliuweka kando. Nisipopumua tatizo litakwisha kweli, lakini si kwa namna niliyoikusudia.

Kinachoniuma zaidi ya kunguni ni kwamba mke wangu analala ubavuni pangu, godoro moja, shuka moja, na asubuhi ngozi yake iko safi. Mimi nina mistari ya vipele kuanzia bega mpaka kiuno. Daktari akanieleza kwamba huenda naye anang'atwa vilevile, ila kuna watu ambao ngozi zao hazivimbi. Nikarudi nyumbani mbio na habari hiyo, nikidhani sasa tutakuwa wenzi katika mateso. Akanitazama juu mpaka chini. "Mume wangu," akasema, "wewe ndiye unayewaita. Koga."

Daktari huyohuyo akaniliwaza kwamba kunguni hajulikani kueneza maradhi kwa watu. Nikamuuliza, na kukosa usingizi ni nini, mchezo? Maana nikisinzia dukani mchana wateja wanajihudumia wenyewe, na wengine wanajihudumia na chenji.

Nitawaambia kitu kitakachowashangaza: nimeanza kuwaheshimu wadudu wengine. Mende, kwa mfano. Mende ukiwasha taa anakimbia. Ana haya. Anajua alichofanya. Mchwa naye ana mipaka yake. Boriti za mikoko zilizobeba dari zetu ni ngumu na chungu, hazipendi, na hizo ndizo zilizofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, kwa kuwa chumba hakizidi urefu wa boriti. Alikula kabati langu la plaiwudi, sikatai, lakini fundi aliyeniuzia kabati lile aliapa ni mbambakofi, kwa hiyo mchwa alinisaidia kuujua ukweli.

Hata mbu. Mbu angalau anabisha hodi sikioni. Na mbu si mtu wa mzaha, kwani mwaka 2004 homa ya chikungunya ilipoingia hapa Lamu, utafiti uliofuata ulikadiria kwamba robo tatu ya watu walipata virusi vile. Viungo viliuma mpaka ilikuwa vigumu kujua nani ameshika rukuu na nani anakwenda sokoni. Mbu wale walizaliana kwenye maji tuliyoyaweka wenyewe nyumbani, mapipa, mitungi, matangi. Wazee wetu walilijua jambo hilo zamani. Kwenye birika la chooni walitia visamaki, vikawa vinakula viluwiluwi vya mbu, maji yanabaki salama na watoto wana cha kutazama wakikoga. Akili kubwa hiyo. Ila kwa kunguni wazee hawakutuachia samaki.

Badala yake walituachia kuta. Mawe ya matumbawe, unene wa mkono mzima, chokaa juu yake, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimepangwa safu kwa safu ndani ya chumba. Wageni wanapanda ndege kuja kuzipiga picha. Mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, tukapiga makofi. Hakuna aliyetuambia kwamba kila ufa ulioko kwenye urithi huo una mkazi. Kunguni hahitaji jumba, anahitaji upenyo wa unene wa kadi, na kwa upenyo nyumba yangu ni tajiri. Jike moja hutaga hata mayai matano kwa siku, na akikosa chakula anaweza kukaa miezi akisubiri. Miezi! Mimi nikicheleweshewa uji wa futari nusu saa nyumba nzima inajua.

Walifikaje kwangu? Hapa naomba nieleweke. Maulidi ya msikiti wa Riyadha yakikaribia, nyumba za Lamu hujaa. Wanakuja wa Mombasa, wa Tanga, wa Pate na Siyu, magodoro yanatandikwa mpaka ukumbini na mwenye nyumba analala penye nafasi. Mimi simtaji mtu. Mgeni ni baraka. Ila baraka ile ilikuja na begi, na begi lile lilikaa juu ya kitanda changu.

Tukaanza matibabu. Barazani kila mtu alikuwa na dawa, na kila mtu alianza kwa kusema, "Mimi sijawahi kuwa nao, lakini nasikia." Mmoja amesikia majani ya mwarobaini. Mwingine amesikia mafuta ya taa yapakwe kitandani, katika nyumba yenye dari ya miti mikavu na mke anayechoma udi kila Alhamisi. Huyo nadhani anakitaka kiwanja. Wa tatu akashauri tuhame tuwaachie siafu nyumba, maana siafu wakipita hawaachi kitu. Na nani atawaambia siafu wamekwisha?

Mke wangu akafukiza. Ubani, udi, kila kilichokuwa kwenye kijaluba. Nyumba ikanukia harusi. Usiku ule niliumwa na kunguni wenye manukato.

Ndipo akapita muuza dawa. Mnamjua, yule mwenye kipaza sauti kidogo na maneno yaliyorekodiwa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto, kupe. Sauti inaingia kwenye vichochoro vyetu, inagonga kuta, inakufuata mpaka chooni. Anasimama hasa mlangoni kwako, na akitaja kunguni anarudia mara mbili. Utatoka vipi? Nikamtuma mtoto. Nikamwambia aseme baba anataka ya mende.

Mtoto akachelewa. Aliporudi nikamuuliza alikuwa wapi. "Foleni, baba. Watoto wote wa mtaa wako pale. Kila mmoja kaambiwa aseme mende."

Dawa yenyewe ilikuwa ya kopo, ya jamii ya pairethroidi, ileile tunayopulizia mbu. Kunguni wa siku hizi wameizoea. Wamepulizwa kizazi baada ya kizazi, walio wanyonge wamekufa, wale sugu ndio waliobaki kuzaa, na watoto wao wote wamekuja kwangu. Dawa haikuwaua, iliwaudhi tu. Wakapenya ukutani wakahamia kwa jirani. Nikalala usingizi mtamu. Jirani naye, bila kumwambia mtu, akapuliza. Wakarudi. Nikapuliza. Wakaenda. Ukuta wetu ni mmoja, wa babu mmoja, na kunguni wameutumia kuliko mashua zinavyotumia mkondo wa Mokowe. Wakati wote huo mimi na jirani tulikuwa tukikutana msikitini kila alfajiri, macho mekundu, tunaulizana hali. "Alhamdulillahi." "Alhamdulillahi." Halafu kila mmoja anajikuna kwa upande ambao mwenzake haoni.

Kinachowaua kwa hakika ni joto, digrii 50 na zaidi, wao na mayai yao. Shuka na vyandarua tukavichemsha. Kitanda nikakimwagia maji ya moto kwenye kila kiungo, na walivyotoka sitawasimulia, kuna watu wanasoma huku wanakula. Likabaki godoro. Godoro huwezi kulichemsha. Mke wangu akasema litupwe. Litupwe vipi? Kichochoro chetu akipita punda mwenye mzigo binadamu anabanwa ukutani. Nimpakie punda godoro, apite nalo baraza baada ya baraza mpaka ngomeni, na wazee wamekaa pale uwanjani Mkunguni hawana kazi ila kuuliza? Bora niumwe.

Nikaamua kulipandisha darini, kwenye jua, alfajiri kabla watu hawajaamka. Nikalisukuma ngazini, nikakwama kwenye kona, nikajikwamua, nikatokea juu jasho likinitoka. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto.

Kila dari ilikuwa na godoro. Mengine yameegemezwa kwenye matangi, mengine yametandazwa juu ya makuti, na pembeni ya kila godoro amesimama mwanamume mwenye kikoi, ameduwaa.

Jirani yangu alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mtoto kakojoa," akasema.

"Na wangu," nikasema.

"Na wangu pia," ikasikika kutoka dari ya tatu. Huyo mtoto wake mdogo ni baharia. Upande wa pili mtu mmoja ambaye hajaoa naye akasema mtoto kakojoa, na hakuna aliyemhoji. Mtaa mzima uliona bora kuitwa wakojozi.

Na jua lenyewe halikutosha. Linachoma juu ya godoro, wao wanashuka chini kwenye ubaridi. Ukitaka jua likusaidie inabidi godoro lifungwe ndani ya nailoni nyeusi likae siku nyingi, na nani atapandisha kitu chenye umbo hilo, kimefungwa nyeusi, juu ya dari ya Lamu bila kuitiwa mazishi?

Baada ya hapo ndipo wakubwa wa mtaa walipokiri kwamba kuna jambo. Tukakutana baada ya isha. Akaletwa mpuliza dawa kutoka bara, kijana mwenye tangi mgongoni na barakoa. Akasema maneno ya maana kuliko yote niliyoyasikia kuhusu wadudu hawa: nyumba zinazoshikana zipulizwe zote siku moja, kisha zirudiwe baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa na yatakuwa yameanguliwa. Ukipuliza yako peke yako unawahamisha tu. Tukatikisa vichwa. Hakuna aliyemtazama jirani yake.

Akatoa daftari. "Haya, nyumba zenye kunguni ni zipi?"

Kimya. Mtu mmoja akakohoa, wote tukamgeukia, akasema ni mafua.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna," mkubwa wa mtaa akasema.

"Sasa mmeniitia nini?"

"Kinga."

Kijana akaanza kufunga daftari lake. Akasema bei ya kinga na bei ya kunguni ni moja, ila yeye lazima aandike yuko wapi mgonjwa ili ajue aanzie wapi. Tulikuwa karibu kuachana hivyohivyo, kila mtu arudi na wake, mara dirisha likafunguliwa ghorofani. Bibi mmoja mjane, mwenye umri wa kutojali chochote, akatoa kichwa.

"Ndoo uone kwangu, mwanangu! Wako tele, wanene! Mato yangu hayaoni tena lakini mgongo wajua!"

Hamjaona watu wakapata uhai vile. "Masikini bibi!" "Tumsaidie bibi!" "Si haki bibi ateseke peke yake!" Na kwa kuwa nyumba ya bibi imeshikana na ya fulani, na ya fulani imeshikana na ya fulani, wikio kwa wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro, ukuta kwa ukuta, ikaonekana kwamba ili bibi asaidike vizuri lazima mtaa wote upulizwe. Daftarini, mbele ya kila nyumba, ikaandikwa sababu moja: kwa ajili ya bibi. Mimi nilitia sahihi kwa moyo mkunjufu. Jirani yangu alikuwa karibu kulia kwa huruma.

Kijana alipofika chumbani kwangu alikiinua kitanda, akamulika kwenye viungo, akaniangalia. "Hawa wametoka kwa bibi?"

"Kwa bibi," nikasema.

"Bibi yuko nyumba ya kumi kutoka hapa."

"Ni mtu mkarimu sana."

Alipuliza, hakusema zaidi. Siku ya pili yake bibi akaagiza ujumbe kwa kila mlango. Anataka shilingi hamsini kwa nyumba. Amesikia kunguni wa mtaa mzima wameandikwa jina lake, na katika mji huu, akasema, kila mchukuzi wa mizigo analipwa, hata wa punda. Na zamu ya pili, ile ya baada ya wiki mbili, bei itakuwa mia.

Tumelipa sote kabla ya adhuhuri. Kila mtu alimtuma mtoto.