Saa kumi na moja ni ipi? Mchoro wa saa na wazee wetu

Mwaka jana nilimpeleka bibi mzaa mama kwenye kituo kimoja cha afya hapa Moshi. Alikuwa akisahau sufuria motoni hadi inaungua, na mara mbili alipotea akitoka kanisani. Mhudumu akamwamkia, akampa karatasi na kalamu: "Bibi, chora saa, weka namba zote, halafu mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Bibi akachora taratibu. Mshale mfupi akauweka kwenye 5, mrefu kwenye 2. Akaandikiwa amekosa.

Bibi hakukosa! Fomu ilikuwa na 11:10, muda unaotumika sana kwenye kipimo hiki cha kuchunguza akili na kumbukumbu, na kwa Kiswahili hiyo ni saa tano na dakika kumi. Yeye aliambiwa saa kumi na moja, akachora saa kumi na moja, ile ile anayoiona kwenye mnara wa saa akishuka mjini jioni. Kosa lilikuwa la aliyesoma tarakimu, lakini alama zilikatwa kwa bibi, na mtu anaweza kubandikwa ugonjwa kwa namna hiyo.

Hata hivyo sitaki mchoro wa saa utupwe. Unaipa akili kazi nyingi kwa mpigo: kuelewa agizo, kukumbuka sura ya saa, kuzipanga namba 12 zienee, kisha kujua kwamba dakika kumi zinakaa kwenye 2. Mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mara nyingi huvutwa na neno alilolisikia, mshale ukaenda kwenye 10, au namba zikasongamana upande mmoja. Nyumbani hamwezi kuliona hilo, maana mzee huyo huyo anaitikia marahaba vizuri na kusimulia ya ujana wake bila kukwama. Na tatizo lipo hapa hapa kwetu: utafiti wa wilayani Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Kwa kijiji kisicho na mashine ya kupiga picha ya ubongo, karatasi na dakika tano ni kitu kikubwa.

Shida ni kalamu. Wapo wazee, hasa kina mama, ambao hawakupelekwa shule, na wengine waliishika kalamu ukubwani kwenye madarasa ya kisomo. Ongeza mtoto wa jicho na mkono unaotetemeka. Kinyume chake, mwalimu mstaafu anaweza kuchora saa safi kabisa huku ugonjwa umeshaanza. Ndiyo maana nakipenda kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa na watafiti waliofanya kazi huko huko Hai: mzee hachori, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, pamoja na maswali mengine ya kumbukumbu.

Tena mchoro mbovu hautaji chanzo. Sonona, upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa vyote vinaweza kuvuruga akili ya mzee, na vina matibabu. Anayemaliza na karatasi tu, akamwambia mtoto wa mgonjwa "huo ni uzee", kazi ameiacha njiani.

Bibi tulimrudisha kwa mhudumu mwingine. Huyu alimtajia saa tano na dakika kumi. Mshale mfupi bibi akauweka kwenye 11, sawasawa. Ule mrefu aliushikilia muda mrefu, akanitazama, kisha akaupeleka kwenye 10. Siku hiyo hiyo wakamchukua damu.