Lawang Sewu lirudishiwe kazi

Katika mji wa Semarang, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, kuna jengo ambalo wenyeji huliita Lawang Sewu, yaani Milango Elfu kwa Kijava. Lilijengwa liwe makao makuu ya kampuni ya reli. Tangu hapo limewahi kuwa ofisi ya jeshi lililovamia nchi, uwanja wa mapigano, makao ya jeshi la taifa huru, ofisi ya serikali na gofu la kutisha watu, na leo ni kivutio cha watalii. Ninachotaka kusema ni kwamba matumizi ya sasa yameliokoa jengo lisianguke lakini yameliacha bila kazi, na kwamba wenye dhamana nalo wangefanya vyema kulirudishia kazi ya ofisi, japo kwa sehemu, kwa sababu liliundwa kwa ajili ya watu wanaoshinda ndani yake siku nzima.

Kampuni iliyolijenga iliitwa Nederlandsch-Indische Spoorweg Maatschappij, maarufu kwa ufupisho wake, NIS. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi, iliyoundwa Uholanzi mwaka 1863 wakati Indonesia ilipokuwa koloni la Waholanzi. Ujenzi wa reli yake ulianza Semarang tarehe 17 Juni 1864, na tarehe 10 Agosti 1867 kipande cha kwanza, cha takriban kilomita 25 hadi Tanggung, kilifunguliwa kwa matumizi ya umma, kikiwa reli ya kwanza ya abiria na mizigo katika visiwa vyote vya koloni hilo. Mwaka 1870 njia ilifika Surakarta, na miaka michache baadaye ikafika Yogyakarta. Huko ndani ya kisiwa ndiko yalikokuwa mashamba makubwa ya miwa na tumbaku, na reli ilikuwapo hasa ili mazao hayo yafike bandarini kwa haraka na kwa gharama ndogo. Kila anayestaajabia fahari ya Lawang Sewu anapaswa kukumbuka kwamba ililipiwa na sukari iliyolimwa na Wajava ambao hawakuwa na sauti katika bei yake wala katika ujira wao.

Mwanzoni shughuli za ofisi ziliendeshwa kwenye stesheni ya Semarang yenyewe, mahali penye kinamasi na pasipotosha tena kadiri kampuni ilivyokua. Ndipo kampuni ilipochagua kiwanja upande mwingine wa mji, kwenye ncha ya barabara ya Bodjong, ambayo leo inaitwa Jalan Pemuda, na kuwapa kazi ya usanifu Jakob Klinkhamer na B. J. Ouëndag, wasanifu majengo wa Amsterdam. Ujenzi ulianza mwaka 1904, na jengo kuu likaanza kutumika mwaka 1907. Jengo la pili, lililo nyuma yake, lilianza kujengwa mwaka 1916 na likamalizika mwishoni mwa muongo huo.

Wasanifu hao walichora wakiwa Uholanzi, lakini walichokichora ni jengo la nchi ya joto, na hapa ndipo ninapoomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Semarang ni mji wa joto na unyevunyevu mwaka mzima, na mwaka 1904 hapakuwa na viyoyozi. Jengo lilipangwa katika mabawa mawili yanayokutana pembeni, yakielekea kwenye mzunguko wa barabara, na kila bawa likazungushiwa baraza pana juu na chini, ili jua lisifike kwenye kuta za vyumba vya kazi. Kila chumba kilipewa milango mirefu pande zote mbili, mmoja ukitazama baraza la nje na mwingine ukitazama ndani, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Dari ziliwekwa juu sana ili hewa ya moto ipande na kuwaacha watu chini wakipumua. Minara miwili ya mbele, ambayo wageni wengi huidhania kuwa pambo, ilibeba matangi ya maji. Chini ya jengo la nyuma kulikuwa na nafasi ya chini ya ardhi iliyowekwa maji, na mvuke wake ulisaidia kuzipoza sakafu zilizo juu yake.

Milango hiyo mingi, basi, ilikuwa mtambo wa kupoza hewa, nao uliendeshwa kwa mikono ya watu. Asubuhi upande fulani hufunguliwa, jua likihama upande huo hufungwa na mwingine kufunguliwa, mvua ikija yote hurudishwa, na jioni hukaguliwa mmoja mmoja. Makarani, wahasibu na wachoraji wa ramani waliokuwa humo walikuwa sehemu ya mtambo huo kama bawaba na komeo zilivyokuwa. Ukiwaondoa watu hao, vyumba hufungwa, unyevu hukaa ukutani, mbao hufura, na chokaa huanza kubanduka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba jengo la kihistoria hutunzwa vizuri zaidi likiachwa tupu ili watu walitazame.

Pale penye ngazi kuu ya jengo la mbele pamewekwa vioo vikubwa vya rangi, kazi ya karakana ya Johannes Lourens Schouten wa Delft. Ni vioo vizuri kwelikweli, na ndivyo vinavyopigwa picha kuliko kitu kingine chochote humo. Gurudumu la reli lenye mabawa limo, na wamo pia wanawake wa hadithi za kale za Kirumi. Kampuni ilikuwa ikijitangaza, ikimwambia kila aliyepanda ngazi ile kwamba reli na bahati njema ni kitu kimoja. Aliyepanda ngazi hizo kwa kawaida alikuwa afisa wa Kizungu au mfanyabiashara, wala si mtandika mataruma.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java na kuchukua reli zote pamoja na makao haya. Uamuzi mmoja wa utawala wao ulibadilisha kazi yenyewe ya reli hiyo: njia ya NIS ya Semarang, iliyokuwa na upana wa milimita 1,435, ilipunguzwa ikawa milimita 1,067 kama reli nyingine za kisiwa hicho. Kwa hiyo hata kabla ya vita kwisha, kampuni iliyojenga Lawang Sewu ilikuwa imekwisha kupoteza njia yake, injini zake na wafanyakazi wake wengi wa Kiholanzi, ambao walitiwa kambini.

Kisha ukaja Oktoba 1945. Indonesia ilikuwa imetangaza uhuru tarehe 17 Agosti, Wajapani walikuwa wameshindwa vita lakini bado wana silaha, na vijana wa Semarang, wakiwemo vijana wa reli, walikuwa wanataka kuzichukua. Tarehe 14 zilienea habari kwamba tangi la maji ya mji lilikuwa limetiwa sumu, na Daktari Kariadi, mkuu wa maabara ya hospitali, aliuawa njiani alipokuwa anakwenda kulikagua. Mapigano ya siku tano yakafuata, na sehemu yake kali ilikuwa kwenye mzunguko ule ulio mbele ya jengo la reli. Katika uwanja wa Lawang Sewu kuna mnara wa kumbukumbu wa wafanyakazi watano wa reli waliouawa, na katikati ya mzunguko kuna mnara wa Tugu Muda uliozinduliwa na Rais Sukarno mwaka 1953. Hospitali kuu ya Semarang inaitwa kwa jina la Kariadi.

Wakati huohuo makao makuu ya reli za taifa yalikuwa yamewekwa Bandung, baada ya wafanyakazi wa reli kuitwaa ofisi kuu ya huko kutoka kwa Wajapani mwishoni mwa Septemba 1945, na mpaka leo shirika la reli la Indonesia linaongozwa kutoka Bandung. Jambo hili husemwa kwa haraka katika maelezo mengi, lakini kwangu ndilo lililoamua hatima ya Lawang Sewu. Jengo lililochorwa mahususi kwa ajili ya kuongoza reli lilibaki katika mji ambao hauongozi tena reli, na kila aliyelichukua baada ya hapo alilichukua kwa sababu ni kubwa, lina vyumba vingi na liko mahali pazuri. Jeshi la Indonesia, kamandi ya Diponegoro, lilikaa humo, kisha ofisi ya mkoa ya Wizara ya Uchukuzi, hadi katikati ya miaka ya 1990 liliporudishwa kwa shirika la reli.

Miaka hiyo ya jeshi na wizara hudharauliwa na wapenzi wa majengo ya kale. Mimi nawatetea wanajeshi na makarani wale. Hawakuwa warekebishaji stadi, na hakuna anayedai kwamba walijali vioo vya Schouten, lakini walifungua milango asubuhi na kuifunga jioni, wakafagia mabaraza, na paa likivuja alikuwapo mtu chini yake wa kulalamika. Uharibifu mbaya ulikuja baada ya wao kuondoka, vyumba vilipobaki vitupu, rangi ikapauka, mimea ikaota kwenye mabaraza na giza likatawala. Mwaka 1992 mamlaka ya mji ilikuwa imekwisha kuliorodhesha jengo miongoni mwa majengo ya kihistoria yanayolindwa, lakini orodha haizibi paa.

Katika utupu huo ndipo biashara ya mizimu ilipoingia. Lawang Sewu likawa maarufu Indonesia nzima kama nyumba ya mashetani, televisheni zikaja kurekodi usiku, na wageni wakawa wanalipa ili wapewe viatu vya mpira na tochi, washushwe kwenye ile nafasi ya chini yenye maji na kusimuliwa habari za wafungwa wa wakati wa Wajapani. Hilo linaniudhi kwa sababu mbili. Kwanza, watu walikufa kweli katika eneo lile, baadhi yao wakiwa wafanyakazi wa reli wenye majina na familia, na si haki kifo chao kiwe mchezo wa kuwatia wanafunzi kiwewe kwa tiketi. Pili, kitu cha werevu kabisa katika jengo hilo, yaani maji yaliyowekwa chini ya sakafu ili watu wa juu wafanye kazi bila kuungua, kimegeuzwa kuwa kisima cha hofu, na mtoto wa Semarang anaweza kukua akikijua kwa jina la kuzimu bila kuambiwa hata mara moja kwamba ni uhandisi.

Ukarabati ulioanza mwaka 2009 ulistahili kila sifa. Kuta zilipakwa upya, mbao zikatengenezwa, vioo vikasafishwa, na Julai 2011 jengo likazinduliwa na Ani Yudhoyono, mke wa rais wa wakati huo. Ziara za kule chini zilisitishwa baadaye. Leo mgeni hununua tiketi na kuona mashine za kuchapia tiketi za zamani, mashine za kupigia hesabu, picha, vifaa vya ishara na injini ya mvuke uwanjani. Harusi na maonyesho hufanyika humo, na shirika la reli hupata fedha za kulitunza. Sidharau mapato hayo, kwani majengo mengi ya aina hii duniani yaliangushwa kwa kukosa hata hizo fedha za tiketi.

Lakini chumba cha maonyesho na chumba cha kazi hutumiwa kwa namna mbili tofauti. Mgeni hupita, hupiga picha kwenye ule mstari wa milango inayofuatana, na kuondoka. Milango imekuwa mandhari ya nyuma yake. Hakuna anayepaswa kujua upande upi ufunguliwe saa nne asubuhi. Nami naona kwamba shirika lenye reli, wahandisi, mafundi na kumbukumbu za zaidi ya karne moja na nusu halikosi watu wa kuwaweka humo. Jengo la mbele, lenye ngazi na vioo, libaki la wageni kama lilivyo. Jengo la nyuma ndilo ningeliomba: sakafu zake mbili za chini zilikuwa ofisi tangu mwanzo na ukumbi mkubwa uko juu, kwa hiyo hata kugawa upya vyumba si lazima.

Ningeweka humo hifadhi ya michoro na nyaraka za reli za Java, iliyo wazi kwa watafiti na kwa yeyote ambaye babu yake alikuwa kuli au karani wa NIS. Ningeweka pia darasa la ukarabati wa majengo ya reli, kwa kuwa stesheni za zamani bado zimetapakaa kisiwani na zinahitaji mafundi wanaojua chokaa, bawaba na vigae vya wakati ule. Ukumbi wa juu ungefaa kwa mihadhara. Hakuna chumba ambacho kingewekewa kiyoyozi kabla ya kujaribiwa kwanza jinsi wasanifu walivyokusudia, milango ikiendeshwa na watu waliofundishwa kuiendesha. Na ile nafasi ya chini ningeifungua tena kwa mchana tu, taa zikiwaka, mabomba ya maji yakitengenezwa, na mhandisi akieleza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Wanafunzi wa Semarang wangeingia bure.