Gramu 16 zinazowatisha wafugaji

Mwambie mfugaji wa kuku wa nyama aache kuweka antibiotiki kwenye maji ya vifaranga wazima, atakujibu kwamba watakufa. Hofu hiyo si ya kubeza. Kundi la kuku 500 linaweza kupukutika ndani ya siku chache, mtaji ukaenda nalo, daktari wa mifugo akafika mizoga imeshazikwa. Anayemwita mfugaji huyo mlafi hajawahi kukesha akisikiliza banda zima likikoroma.

Hata hivyo, wanaopinga dawa hizo hueleweka vibaya zaidi, kana kwamba wanataka kuku mgonjwa anyimwe tiba. Wanachokipinga ni dozi ya kila siku kwa kuku asiyeumwa, ile ya kukuzia, yaani ya kumfanya anenepe haraka, na ya "kuzuia" ugonjwa. Nao wana hesabu ambayo nadhani haijasikika vya kutosha.

Februari 1998 wafugaji wa kuku wa nyama nchini Denmark waliacha kwa hiari antibiotiki zote za kukuzia. Kumbukumbu za mabanda zilipofuatiliwa, vifo havikuongezeka, wala kilo za kuku kwa kila mita ya mraba hazikupungua. Kilichopanda ni chakula: takriban gramu 16 kwa kila kilo ya kuku. Hazijazi kiganja! Kwa kuku 500 wa kilo mbili mbili, jumla ni kilo 16, yaani theluthi hivi ya mfuko wa kilo 50. Toa hapo gharama ya dawa ambayo hukuinunua. Hicho ndicho tunachokiogopa kwa miaka yote hii?

Kweli, mabanda yale yalikuwa na hewa ya kutosha na usimamizi wa karibu, na dawa za kuzuia kuhara damu zilibaki kwenye chakula. Mwenye banda lenye unyevu akiacha antibiotiki leo bila kubadili kingine, huenda akazika kuku. Lakini basi dawa ile ilikuwa inaficha maranda ya sakafuni yaliyolowa, amonia inayowasha macho na vifaranga waliosongamana kwenye bruda, sehemu ya kuwalea kwa joto. Tena pesa nyingi hutupwa kwa magonjwa ambayo antibiotiki haiyagusi kabisa: mdondo, Gumboro na ndui ni ya virusi, na kinga yake ni chanjo.

Na kuna deni jingine. Dozi ndogo ya muda mrefu huua vimelea dhaifu na kuwaachia banda walio sugu. Mwaka 2005 Marekani iliondoa antibiotiki ya enrofloksasini kwa kuku, baada ya usugu kuonekana katika Campylobacter, bakteria anayewaharisha watu. Mwaka 2015 watafiti nchini China waliripoti jeni la mcr-1, linalohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kuishinda kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi. Mfugaji naye hulipa, siku kundi linapougua kweli na chupa aliyoizoea isifanye kazi.

Kuku akiugua, mzoga upasuliwe, ugonjwa ujulikane, dozi kamili itolewe hadi siku ya mwisho, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja ziheshimiwe. Kwa anayetaka kuacha dawa ya kila siku, ningeanzia chini ya vinyweo. Fumbata maranda, kisha fungua kiganja. Yakibaki bonge, rekebisha vinyweo na hewa ya banda kwanza.