Kilomita 85 za Unguja na kiti cha pili cha rali

Kwenye baraza za wapenda magari hapa Unguja, hoja inayorudiwa ni kwamba kisiwa hiki hakiwezi kutoa dereva wa rali za masafa marefu. Urefu wa kisiwa ni kama kilomita 85. Rali ya Dakar, ambayo tangu 2020 inafanyika Saudi Arabia, huwa na karibu kilomita 8,000, na siku moja tu inaweza kuwa na kilomita 400 za kushindania muda. Kisiwa chote hakifikii robo ya kazi ya siku hiyo.

Hesabu ni sahihi, na wanaoitoa wana mengine mazito zaidi. Gari la daraja la juu hugharimu mamia ya maelfu ya yuro kabla hujanunua vipuri wala kulipa mafundi. Halafu kuna mchanga. Mchanga wa Paje na Jambiani hushindiliwa na maji kila siku, tena ndiko akina mama wanakolima mwani, si pahala pa kupitisha gari. Vilima vya jangwani vina tabia nyengine: unapanda kwa kasi, unalegeza mguu karibu na ncha ili gari lisiruke, na huoni kilichopo upande wa pili. Somo hilo halipo Unguja wala Pemba. Jengine, dereva wa jangwani hushusha upepo wa tairi kutoka psi 30 na kitu hadi karibu 15. Fanya hivyo kwenye mawe ya Makunduchi, na ubavu wa tairi utabanwa baina ya jiwe na rimu mpaka upasuke. Ukienda mbio kwenye mawe hayo, mafuta ya shokapu yanapata moto na kufanya povu, gari linadunda bila breki ya springi, na bushi zinafuata.

Kwa hiyo usukani, ndiyo, ni mgumu kupatikana kwetu. Lakini gari la rali hizi lina viti viwili, na baraza inakisahau cha pili.

Anayekaa pale ni msoma ramani. Timo Gottschalk wa Ujerumani alishinda Dakar 2011 akiwa na Nasser Al-Attiyah wa Qatar, akashinda tena 2025 akiwa na Yazeed Al Rajhi wa Saudi Arabia. Madereva wawili, miaka 14 baina yao, na anayeitwa ni yule yule, kwa sababu ya anachokijua.

Na anachokijua ni nini? Kitabu cha njia humpa umbali, mchoro wa njia panda au mto mkavu, na mwelekeo wa dira kwa digrii. Ramani ya simu hairuhusiwi. Kifaa cha setilaiti cha waandaaji hakimwongozi njia nzima. Vituo, yaani nukta ambazo gari lazima lipite, vingine hufunguka kwenye kifaa hicho pale tu gari linapokaribia. Sasa chukua kosa la digrii 5, ambalo kwa macho si kitu. Baada ya kilomita 10 umeshatoka nje ya mstari kwa mita 870 hivi. Kama kituo hakijafunguka, huna hata dalili kwamba umekikosa, na kila dakika ya kuzunguka kukitafuta inahesabiwa. Dereva akiwa na kasi zaidi, ndiyo kwanza anafika mbali zaidi pasipotakiwa. Tena kwenye vilima gari haliendi moja kwa moja. Linakwepa kushoto na kulia kama jahazi linalobisha, na msoma ramani ndiye anayeshika kichwani mstari wa kurudia.

Odometa nayo humdanganya asiyeipima. Ukitoa tairi la inchi 29 ukafunga la inchi 31 bila kurekebisha, kila kilomita 10 za kweli zitasomeka kama 9.35, nawe unatafuta njia panda uliyokwisha kuipita. Dawa ni kupita kwenye kipande kilichopimwa, tuseme kilomita 5, kwa upepo ule ule utakaotumika mashindanoni, kisha kusahihisha.

Yote haya yanafundishika kwenye njia za ndani za Unguja au vilima vya Pemba, kwa Escudo ya kawaida na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kilomita 85 zinatosha na kubaki. Umri nao hausukumi: dereva Carlos Sainz wa Hispania alishinda Dakar 2024 akiwa na miaka 61, na Stéphane Peterhansel wa Ufaransa alipata ushindi wake wa 14 mwaka 2021 akiwa na 55, sita kati ya hizo kwa pikipiki.

Wapinzani wanabakiwa na neno moja ambalo sina jibu lake kamili. Rali zilizo karibu nasi ni za bara, Iringa au Morogoro, na kule msoma ramani hutamka kona kutoka kwenye daftari waliloliandaa na dereva wake wakati wa kuikagua njia. Dira haina kazi. Atakayekaa kiti hicho atajifunza kusoma huku anatikiswa, kutawala kichefuchefu, kujaza kadi za muda bila kosa na kubadilisha tairi kwa dakika chache. Digrii za dira atazitafuta mwenyewe, na dereva wa kumpeleka jangwani vilevile.