Kadi ya WiFi kwa kompyuta mpakato ya zamani: lipia bendi ya GHz 5, achana na namba ya kwenye boksi

Kadi za WiFi huuzwa kwa namba. Boksi hili limeandikwa kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 150, lile 300, lile 1200, na mnunuzi huongeza pesa ili apande ngazi. Kwa mashine zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2015, zile ThinkPad T420 na T430, HP EliteBook 8460p, Dell Latitude E6420 na wenzao waliojaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, naona namba hiyo inapewa uzito usioustahili. Kinachozirudishia uhai ni kadi inayoshika bendi ya GHz 5. Ukiipata hiyo, ikaingia kwenye soketi yako na BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, isiikatae, kazi kubwa imekwisha.

Sababu iko hewani. Bendi ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye jengo la ghorofa ambalo kila mlango una ruta yake, wote wanabanana kwenye chaneli hizo tatu, na humohumo zimo Bluetooth na oveni za maikrowevu. Kadi mpya ya GHz 2.4 pekee, hata ikiandikwa 300, inasubiri zamu pamoja na ya zamani. GHz 5 ina chaneli nyingi zaidi, na kwa kuwa mawimbi yake hayapenyi kuta kwa urahisi, ruta ya jirani haikufikii sana. Hapo hapo ndipo penye udhaifu wake: kuta mbili za matofali ya saruji kati yako na ruta zinaweza kukurudisha 2.4. Anayekaa mbali na ruta aihamishe ruta kwanza, maana hilo halina gharama. Na kama kompyuta haitoki mezani, nunua waya wa mtandao. Mashine nyingi za kundi hili zina tundu la gigabiti moja, na hakuna kadi ya bei nafuu itakayolishinda.

Kabla ya kutoa pesa, jua ulicho nacho. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika netsh wlan show drivers, kisha tafuta mstari unaotaja viwango vya 802.11, yaani vizazi vya WiFi. Ukiona b, g na n peke yake, kadi yako ni ya 2.4 tu. Ukiona pia a au ac, tayari unayo GHz 5. Kwenye Linux, iw list itakuonyesha masafa yote. Yakianzia 2412 na kuishia 2484, huna bendi ya 5. Ukiona 5180 na kuendelea, unayo. Kadi zinazokutwa mara nyingi na ambazo ni za 2.4 tu ni Intel Wireless-N 1000, 1030, 2200 na 2230, Atheros AR9285, Broadcom BCM4313 na Realtek RTL8188CE. Hizi zinastahili kubadilishwa.

Lakini ThinkPad na Latitude nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na Intel Centrino Advanced-N 6205, yenye antena mbili, bendi zote mbili na kasi ya Mbps 300 ya kwenye karatasi. Mwenye kadi hii ambaye kifurushi chake cha nyumbani ni Mbps 20 hana sababu ya kununua nyingine. Akague ruta. Kosa moja naliona mno: ruta imewekwa usalama wa WPA wenye TKIP, njia ya zamani ya kufunga mtandao kwa nywila. Kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake kutumika pamoja na WEP wala TKIP, hivyo kadi inashuka mpaka Mbps 54, na mwenye mashine anailaumu kadi. Weka WPA2 yenye AES, uunganishe upya. Kinyume chake pia kipo: ruta mpya iliyowekwa WPA3 peke yake huzikataa kadi nyingi za zamani. Chagua hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Sasa umbo. Mashine za mpaka 2013 hivi hutumia soketi ya Mini PCIe, na kadi zake ni za aina mbili: ndefu ya milimita 30 kwa 51, na nusu ya milimita 30 kwa 27. Nusu inaingia mahali pa ndefu, ila skrubu itakosa pa kushika. Tumia kipande cha chuma cha kurefushia, usiiache ikining'inia, kwa sababu itainuka taratibu na kukatika mawasiliano. Baada ya hapo ikaja M.2 ya 2230, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Fungua mashine uione soketi kwa macho kabla ya kwenda dukani. Jina la modeli pekee halitoshi, kwa sababu wauzaji wa mtumba huchanganya vipuri.

Majina ya kadi nayo yanapoteza watu. Intel 7260 ipo ya aina mbili zenye jina lilelile mbele: 7260HMW ni Mini PCIe nusu, 7260NGW ni M.2. Herufi tatu za mwisho ndizo zinazoamua kama kadi itaingia. Kwenye M.2 kuna mtego mbaya zaidi. Kadi za Intel 9560, AX201 na AX211 zinaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya mashine ya zamani, skrubu inafungwa, na hakuna kinachotokea. Hizo ni nusu ya kadi: sehemu yake nyingine iko ndani ya chipu za Intel za vizazi vya karibuni, na bila chipu hizo kadi haina cha kuzungumza nacho. Pacha zake zinazojitegemea ni 9260, AX200 na AX210. Tofauti ya tarakimu moja, na dukani zinawekwa droo moja.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, inatoka kwenye BIOS. Lenovo na HP za enzi hizo zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka kadi isiyomo, mashine haiwaki mpaka Windows. ThinkPad husimama na kosa namba 1802, HP husimama na kosa namba 104, na zote zinakutaka uitoe kadi. Kadi ni nzima, soketi ni nzima, na muuzaji anaweza kukataa kurudisha pesa kwa sababu kwenye mashine yake inafanya kazi. T420, T430 na hata T440 zina kizuizi hiki. Dell Latitude hazina, ndiyo maana anayenunua mashine ya zamani kwa nia ya kuiboresha namwambia waziwazi: chukua Dell.

Mwenye ThinkPad au HP atafute kadi iliyouzwa na Lenovo au HP wenyewe kwa ajili ya modeli hiyo. Kwenye lebo ya kadi ya Lenovo kuna namba ya kipuri iitwayo FRU; kwenye ya HP kuna iliyoandikwa SPS. Pakua mwongozo wa matengenezo wa modeli yako kwenye tovuti ya kampuni, fungua sehemu ya vipuri, linganisha namba kwa namba. Intel 6205 ileile yenye lebo ya Dell inaweza kukataliwa na ThinkPad, kwa sababu BIOS inasoma pia kitambulisho cha kampuni iliyoagiza kadi. Wapo wanaobadilisha BIOS ili kuondoa kizuizi. Sishauri hilo kwa mtu asiye na kifaa cha kuandika chipu ya BIOS moja kwa moja, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, ubao mama unabaki bubu, na hakuna kadi ya WiFi yenye thamani ya ubao mama.

Ninunue ipi basi? Kwa Dell au mashine yoyote ya Mini PCIe isiyo na kizuizi, Intel 7260HMW iliyotumika inatosha kabisa: bendi mbili, antena mbili, 802.11ac ya Mbps 867 kwenye karatasi, na Bluetooth 4.0. Kasi halisi mara nyingi ni kama nusu ya hiyo, bado mbali sana juu ya vifurushi vingi vya nyumbani. Draiva zake (programu za kuiendesha kadi) za mwanzo zilikuwa na tabia ya kukata mtandao, kwa hiyo weka toleo la mwisho la Intel, usiridhike na lile Windows inalojiwekea yenyewe. Kama ac si lazima, Intel 6235 ni nafuu zaidi, ina bendi mbili na Bluetooth. Kwa T420 na T430, 6205 yenye FRU sahihi ndiyo njia isiyo na maumivu. Kwa M.2 isiyo na kizuizi, chukua 7265 au 8265. AX200 nayo ni nzuri bei yake ikiwa karibu, mradi unatumia Windows 10 au 11 ya biti 64, kwa sababu Intel haitoi draiva yake kwa Windows 7.

WiFi 6, kizazi cha kadi kama AX200, kwenye mashine ya Mini PCIe naiona ni pesa iliyopotea. Utahitaji kigeuzi cha M.2 kwenda Mini PCIe, na hapo ndipo utakapogundua kuwa vichwa vya waya za antena ni vya U.FL, wakati kadi za M.2 zina vichwa vidogo zaidi vya MHF4. Havishikani. Ukivilazimisha unavunja kimoja au vyote. Utanunua waya za kuunganishia, utatafuta nafasi ya kimo chini ya mfuniko, na mwisho wa yote ruta yako huenda haina WiFi 6.

Adapta ya USB ina mahali pake: kadi iliyochomelewa kwenye ubao, soketi iliyokufa, au BIOS iliyogoma. Ila ile ndogo kama ukucha iliyoandikwa 150 iache. Ni ya GHz 2.4 pekee na antena moja, yaani tatizo lilelile ulilotaka kulikimbia. Tafuta iliyoandikwa AC600, AC1200 au AC1300, mfano TP-Link Archer T2U Nano au Archer T3U. Kama mashine ina USB 2.0 tu, AC600 inatosha. Tundu hilo lina Mbps 480 za kwenye karatasi kwa kila kitu. Watumiaji wa Linux waangalie chipu na toleo la kiini cha Linux (kernel). RTL8811CU na RTL8812BU zimeingizwa humo tangu Linux 6.2, na MT7612U tangu 4.19, hivyo hazihitaji draiva ya pembeni. Tena angalia toleo la bidhaa lililoandikwa chini ya boksi: TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, la pili lina Realtek, na jina halikubadilika. Baadhi ya adapta hujitokeza kwanza kama diski ya CD yenye draiva ndani yake. Sakinisha draiva kisha itoe diski hiyo, ndipo redio ijitokeze.

Kuifunga kadi ni kazi fupi. Zima kabisa, toa chaja na betri. Kwa mashine yenye betri ya ndani kama T440, ingia BIOS kwanza uizime betri hiyo. Latitude E6420 unafungua mfuniko wa chini tu. T430 lazima uondoe kibodi na sehemu ya kupumzishia viganja. Piga picha ya waya kabla ya kuzigusa. Vua vichwa vya antena kwa kuvinyanyua wima, usivivute kwa waya, maana vimeundwa kuvuliwa na kuvishwa mara 30 hivi tu. Fungua skrubu, kadi itainuka yenyewe. Ingiza mpya kwa mshazari wa nyuzi 30, ilaze, funga skrubu, kisha bonyeza vichwa vya antena mpaka usikie vimekaa. Waya wa tatu ukiwepo ni wa antena ya tatu. Kwa kadi yenye vichwa viwili uzibe ncha yake kwa tepu usiguse ubao.

Kadi ikionekana lakini redio inasema imezimwa wakati swichi imewashwa, tatizo mara nyingi ni pini ya 20 ya Mini PCIe, inayopokea amri ya kuzima redio. Iko upande wa nyuma wa kadi, ya pili baada ya mkato, kwenye sehemu ndefu. Ifunike kwa kipande chembamba cha tepu inayostahimili joto. Kwenye baadhi ya mashine Bluetooth hufungwa na pini ya 51, ya mwisho upande wenye chipu, nayo hutibiwa vivyo hivyo. Bluetooth ikigoma hata hapo, pengine soketi haina nyaya za USB ndani yake, kwa kuwa Bluetooth ya kadi hizi hupita kwenye USB. Hilo halina dawa ya tepu.

Ukiwasha, andika netsh wlan show interfaces. Chaneli ikiwa 36 au zaidi, uko kwenye GHz 5. Ikibaki 1 mpaka 13, ingia kwenye sifa za kadi ndani ya Device Manager, kichupo cha Advanced, tafuta Preferred Band, chagua GHz 5. Jina la GHz 5 lisipoonekana kabisa, iweke ruta kwenye chaneli kati ya 36 na 48, maana zile za katikati, kuanzia 52 hadi 144, hutumiwa pia na rada na si kila kadi au ruta inazitumia vizuri. Ishara ikiwa dhaifu hata ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, usiirudishe kadi bado. Fungua tena na ubonyeze vichwa vya antena. Mara nyingi kimoja hakikukaa.